Muulize Kocha: Mabega ya mwanamke yanadai uzito

Barua za mwezi huu karibu zote zimehusu sehemu moja ya mwili: kifua, mgongo wa juu, mabega na mikono. Nimezisoma kwa furaha. Nimefundisha wanawake kunyanyua vyuma kwa miaka mingi, na jambo moja naliona kila mara. Kuchuchumaa na mzigo wanakubali bila shida, kwa sababu miguu yao wanaiamini. Mwambie mwanamke huyo huyo ajivute juu ya bomba au asukume chuma juu ya kichwa, atageuka kutazama kama kuna mtu mwingine nyuma yake anayeambiwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mabega yake yanaweza. Nami nasema yanaweza, mradi yapewe uzito wa kutosha na yapandishwe kwa hatua zinazoyafaa. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo Kocha. Mimi na mume wangu tulianza mazoezi ya vyuma siku moja. Kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani, naendelea vizuri, nimeshafika kilo 60. Ila kusukuma chuma juu ya kichwa nimekwama kwenye chuma kitupu cha kilo 20. Nikiweka sahani ndogo kuliko zote tulizonazo, kilo 2.5 kila upande, hakipandi hata mara moja. Mume wangu yeye anaongeza tu. Mabega yangu yana kasoro gani? *Niliyekwama*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mabega yako hayana kasoro. Kinachokukwamisha ni hesabu, na hesabu hiyo imewakatisha tamaa wanawake wengi mno.

Tazama. Ukitoka kilo 60 kwenda 65 kwenye skwati, umeongeza kama asilimia 8. Ukitoka kilo 20 kwenda 25 juu ya kichwa, umeongeza asilimia 25 kwa mpigo mmoja. Hakuna mnyanyuaji, awe mwanamke au mwanamume, anayeongeza robo nzima ya mzigo wake kati ya zoezi moja na linalofuata. Mumeo akitoka 40 kwenda 45, yeye anapanda asilimia 12 na nusu. Mnaweka sahani zile zile, lakini wewe unadaiwa mara mbili ya anachodaiwa yeye.

Kwa hiyo jambo la kwanza, tafuta sahani ndogo zaidi: za nusu kilo, au za kilo 1.25. Jimu nyingi hazinazo, kwa sababu aliyenunua vifaa hakuwa akimfikiria mtu wa kilo 20. Zidai. Kama hazipatikani, chukua vile vifuko vya uzito vinavyofungwa kwenye vifundo vya miguu, uvifunge kwenye chuma, kimoja kila upande, umbali ulingane. Uliza pia kama kuna chuma cha wanawake. Kwenye mashindano chuma chetu kina kilo 15 na unene wa milimita 25, wakati cha wanaume kina kilo 20 na milimita 28. Tofauti hiyo ya unene inaonekana ndogo mpaka siku utakapokishika kwa kiganja kidogo.

Jambo la pili, kabla ya kuongeza uzito, ongeza mara. Kaa na kilo 20 mpaka ufikishe seti 3, yaani mikupuo mitatu, za mara 8 zilizo safi, halafu 9, halafu 10. Hapo kilo 21 au 22 zitapanda bila vita. Kati ya seti na seti pumzika dakika 2 hadi 3. Wengi wenu mnapumzika sekunde chache halafu mnalaumu mabega. Na zoezi hili lifanye mara 2 au 3 kwa wiki, si mara moja.

Sasa nikueleze chuma kinavyotakiwa kwenda, maana hapa ndipo nguvu nyingi zinapopotea. Kianzie juu ya mitulinga, kikigusa au karibu kugusa. Viwiko viwe mbele ya chuma kidogo, visiwe nyuma yake. Kifundo cha mkono kisimame, kisilale kwa nyuma. Vuta pumzi ijaze tumbo, kaza makalio, ndipo usukume. Chuma kinapopanda mbele ya uso, rudisha kidevu nyuma. Kikishavuka paji la uso, ingiza kichwa mbele katikati ya mikono, chuma kiishie juu ya utosi. Kosa ninalolisahihisha kila siku ni la mtu anayekizungusha chuma mbele ya uso kwa kuogopa kugonga pua. Kikishasogea mbali na mwili, mabega yanageuka kubeba mzigo wa mbali, na kilo 20 zile zile zinakuwa nzito ghafla. Mwombe mumeo akupige picha ya video kwa ubavuni. Chuma kiende wima, kikikaribia kukwaruza pua.

Kuhusu kupitwa na mumeo. Vipimo vya miaka mingi vinaonyesha kwamba mwanamke ambaye hajafanya mazoezi huwa na nusu, au zaidi kidogo ya nusu, ya nguvu za mwanamume kuanzia kiunoni kwenda juu, ilhali miguuni hufikia kama thuluthi mbili. Sababu kubwa ni wingi wa misuli na mahali ilipo: wakati wa balehe testosteroni, homoni ya kiume, humwongezea mvulana misuli mwili mzima, hasa mabegani na kifuani. Lakini msuli wenyewe hautofautiani sana. Ukichukua msuli wa mwanamke na wa mwanamume wenye unene sawa, nguvu zinazotoka zinakaribiana. Na wote wawili wakipewa mazoezi ya aina moja, ukipima kwa asilimia mwanamke anapanda sawasawa na mwanamume, na kwa mikono na mabega mara nyingi anampita. Daftari lako lilinganishe na lako mwenyewe la miezi mitatu iliyopita, basi.

SWALI: Habari Kocha. Nina miaka 24 na kilo 66. Natamani kujivuta juu ya bomba mpaka kidevu kipite, hata mara moja tu. Mwalimu wa jimu yangu anasema wanawake hawakuumbwa kwa zoezi hilo, nitumie mashine. Ni kweli? *Natamani bomba*

JIBU: Nzuri, binti yangu. Si kweli, na inaniuma kwamba umeambiwa hivyo na mtu unayemlipa akufundishe.

Najua maneno hayo yanatiwa nguvu na nini. Mwaka 2013 kikosi cha Marine Corps cha Marekani kilikusudia kuwataka askari wa kike wajivute angalau mara 3. Mwisho wa mwaka ilionekana kwamba asilimia 55 ya makuruta wa kike waliokuwa wakimaliza mafunzo hawakufikisha, na sharti hilo likaahirishwa. Habari ile ilizunguka dunia kama ushahidi dhidi yetu. Mimi naisoma kwa upande wake wa pili: asilimia 45 walifikisha, wakiwa wametoka kwenye mafunzo ya miezi mitatu hivi yaliyokuwa na mambo mengine chungu nzima ya kufundisha, kuanzia gwaride hadi shabaha. Wewe utakuwa na muda zaidi na lengo moja.

Ugumu wa zoezi hili ni kwamba halina mlango mwepesi wa kuingilia. Dambeli, kile chuma kifupi cha mkono mmoja, unaweza kuanza na ya kilo 3. Bomba linakudai mwili wako mzima tangu mara ya kwanza, yaani kilo 66. Basi kazi yetu ni kujenga huo mlango.

Anza kwa kuning'inia tu. Shika bomba, viganja vikitazama mbele, mikono inyooke, miguu iache sakafu. Lengo ni sekunde 30 bila kuachia. Wengi huachia vidole kabla mgongo haujachoka, kwa hiyo wiki za mwanzo unajenga kiganja na mkono wa chini.

Ukishaweza kuning'inia, jifunze mwendo mdogo ambao watu wanauruka. Mtazame mtu anayeshindwa kujivuta: mabega yamepanda mpaka masikioni, na anajaribu kukunja viwiko akiwa hapo hapo. Mikono inatetemeka, mgongo hauna habari. Sasa mtazame anayeweza. Kabla viwiko havijakunjika hata kidogo, mabega yake yanashuka, shingo inarefuka, kifua kinainuka kama kinatafuta bomba. Mwili mzima umepanda sentimita chache na mikono bado imenyooka. Fanya mwendo huo peke yake, mara 8, seti 3. Siku utakapousikia mgongo ukishika kazi chini ya makwapa, utajua nilikuwa nasema nini.

Sambamba na hayo, jivute ukiwa umelala chali chini ya bomba la chini, visigino sakafuni, mwili umenyooka kama ubao, kifua kiguse bomba. Ukiona ni rahisi, shusha bomba. Ukiona ni gumu, lipandishe. Zoezi hili lipe heshima; wanafunzi wangu wengi walioweza bomba la juu walikuwa wameshakuwa hodari kwenye hili.

Halafu kuna kushuka polepole, ambako mimi naamini kuliko kitu kingine chochote. Panda kwenye stuli kidevu kikiwa tayari juu ya bomba, ondoa miguu, ushuke kwa sekunde 5 mpaka mikono inyooke kabisa. Misuli ina nguvu zaidi inaposhusha mzigo kuliko inapoupandisha, ndiyo maana unaweza kushuka na kilo ambazo huwezi kupanda nazo. Mara 3 hadi 5 zinatosha, mara 2 kwa wiki, usizidishe. Kushuka kunaacha maumivu ya misuli makali kuliko kupanda.

Mpira wa kuvutika unasaidia, lakini ujue tabia yake: unakusukuma zaidi ukiwa chini, pale unapoanza, na ukifika juu umeshalegea. Anayeutegemea peke yake atakwama chini siku ukiondolewa. Mashine ya kuvuta kutoka juu nayo ni nzuri, sina ugomvi nayo, ilimradi uongeze uzito na usikae na kilo zile zile mwaka mzima.

Siku ya kujaribu kweli, geuza viganja vikutazame wewe. Kwa namna hiyo misuli ya mbele ya mkono inasaidia zaidi, na wengi huipata hiyo kwanza. Wapo ninaowaona wakifika baada ya miezi mitatu, wapo wanaohitaji mwaka. Kama una mafuta ya mwilini ya kupunguza, kilo 3 au 4 zikitoka bomba litazihisi, lakini usijinyime chakula, kwa sababu mwili ukikosa chakula unatumia na misuli ile ile tunayoijenga. Kwa anayenyanyua vyuma, protini ya gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni kipimo kizuri. Kwako ni kama gramu 105.

Na huyo mwalimu, siku ikifika, mwite aje aone.

SWALI: Dada Kocha, nyama ya chini ya mkono inatikisika nikipunga. Nanyanyua dambeli za kilo 1, mara 50 kila mkono, kila siku. Miezi imepita, hakuna kitu. Naogopa kuongeza uzito nisije nikawa na mikono ya kiume. *Wa dambeli ndogo*

JIBU: Dada yangu, bidii unayo tena ya kupigiwa mfano, na inanisikitisha kuona inamwagika bure. Kuna mambo mawili hapa, nayo yamechanganywa.

La kwanza ni mafuta. Mafuta hayatoki mahali kwa sababu msuli ulio chini yake umefanya kazi. Mwili huyachota popote unapopenda, kwa mpangilio uliorithi, pale unapotumia nishati zaidi ya unayoingiza. Mara 50 au mara 500 za mkono haziwezi kuamuru yatoke mkononi.

La pili ni msuli, na hapo una mamlaka. Msuli wa nyuma ya mkono wa juu, triseps, ndio unaobeba kama thuluthi mbili ya nyama ya mkono huo. Ukiujaza kidogo, mkono unapata umbo hata kama mafuta hayajapungua sana. Lakini kilo 1 mara 50 inaufundisha uvumilivu tu. Chukua uzito ambao ukifika mara ya 10 unahisi ungeweza kuongeza mara mbili tu. Kama mara ya 10 bado unaongea kwa raha, dambeli ni nyepesi. Sukuma juu ya kichwa, piga pushapu, sukuma chuma ukiwa kwenye benchi mikono ikiwa karibu karibu. Mara 2 hadi 3 kwa wiki, na siku za katikati uache mwili upumzike, kwa sababu msuli hujijenga ukiwa umepumzika.

Hofu ya mikono ya kiume naielewa, nimeisikia kutoka kwa wanawake wenye akili nyingi. Testosteroni ya mwanamume mzima ni zaidi ya mara 10 ya yako. Wanawake unaowaona jukwaani na misuli iliyochomoza wametumia miaka mingi ya mazoezi mazito na chakula cha kupimwa, na baadhi yao dawa. Haiwezekani uamke asubuhi ukute imekutokea. Miaka ya 1940, kwenye ufukwe wa Santa Monica huko California, kulikuwa na mwanamke aitwaye Abbye Stockton, mwenye kilo kama 52. Alikuwa akiinua juu ya kichwa chuma cha kilo kama 61, na picha zake zilipamba majalada ya majarida kwa uzuri wa umbo lake. Naye alikuwa na safu yake ya wanawake katika jarida la mazoezi, akiwajibu hofu hii hii unayoniandikia leo.

SWALI: Kocha, nina miaka 49. Nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi la kulia na tezi za kwapani zikaondolewa. Niliambiwa nisibebe kitu kizito kwa mkono huo maisha yangu yote, utavimba. Sasa mkono umedhoofika hadi mlango mzito unanishinda. Ndiyo basi tena? *Mkono wa kulia*

JIBU: Pole sana, dada, na hongera kwa kuwa hapa. Barua yako niliisoma na kurudia.

Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema kwa miaka mingi. Tezi za limfu zikiondolewa, majimaji hayarudi vizuri kutoka mkononi, na ilidhaniwa kwamba kazi nzito italeta uvimbe au kuuzidisha. Halafu watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Kathryn Schmitz, wakaamua kulipima jambo hilo. Walichukua wanawake 141 ambao tayari walikuwa na uvimbe wa mkono baada ya saratani ya titi. Nusu walinyanyua vyuma mara 2 kwa wiki kwa mwaka mmoja, nusu hawakunyanyua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: mikono ya walionyanyua haikuvimba kuliko ya wenzao, vipindi vya uvimbe kuzidi vilipungua kwao, na nguvu zao zikapanda.

Lakini ona namna walivyofanya, kwa sababu usalama uko hapo. Walianza na uzito mdogo sana, karibu na hakuna. Waliongeza kidogo kidogo, pale tu mkono ulipokuwa haujaonyesha dalili yoyote. Walivaa soksi maalumu ya mkono inayobana wakati wa mazoezi. Na aliyekosa mazoezi kwa muda hakurudi alipoachia, alishushwa uzito akapandishwa upya.

Kwa hiyo nenda kwanza kwa daktari wako, umwombe akuelekeze kwa mtaalamu wa viungo anayeijua hali hii. Anza na nusu kilo. Pima mzunguko wa mkono kwa utepe kila wiki, mahali pale pale, uandike. Ukihisi mkono mzito, ngozi inabana, au pete na saa vinakaza, simama na umwone mtaalamu. Ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Yasipotokea hayo, endelea kupanda. Mlango ule utafunguka kwa mkono wako wa kulia, na ningependa uniandikie siku hiyo.

SWALI: Kocha, mama yangu ana miaka 61. Kipimo kimeonyesha mifupa yake imepungua uzito. Anataka tuende naye jimu, kaka zangu wanasema atavunjika. *Binti yake*

JIBU: Mpe mama shikamoo yangu. Waambie na kaka zako kwamba wasiwasi wao una mapenzi ndani yake, ila kumkalisha mama kwenye kiti hakutailinda mifupa yake. Hedhi ikikoma, estrojeni, homoni ya kike, inashuka, na katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya ujazo wa mifupa. Mfupa hujijenga ukiona kuna mzigo wa kubeba.

Chuo Kikuu cha Griffith huko Australia kilichapisha mwaka 2018 utafiti wa wanawake 101 wenye mifupa iliyopungua, wote waliovuka umri wa miaka 58. Kundi moja lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Kundi la pili lilinyanyua vyuma vizito mara 2 kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa miezi 8: kuinua chuma kutoka sakafuni, kuchuchumaa nacho, kukisukuma juu ya kichwa, na kurukia bomba kisha kutua kwa kishindo. Walifanya seti 5 za mara 5, kwa uzito unaozidi asilimia 85 ya uwezo wao wa juu kabisa. Mifupa ya uti wa mgongo ya kundi hili iliongezeka kama asilimia 3, ya kundi la mazoezi mepesi ikapungua.

Nisikupe picha ya nusu. Wanawake wale walisimamiwa na mtaalamu kila kipindi, na mwanzoni walijifunza mwendo kwa uzito mdogo. Mama asijifunze kwenye video. Daktari aone kipimo chake kwanza, na kama amewahi kuvunjika uti wa mgongo hiyo ni habari nyingine kabisa. Akipata ruhusa na msimamizi, aanze na kusukuma ukuta, kuvuta mpira, kunyanyua dambeli akiwa ameketi, na apande kutoka hapo. Umri wake si kikwazo. Mmarekani Ernestine Shepherd alianza mazoezi akiwa na miaka 56, na mwaka 2010 watunza rekodi za dunia wa Guinness walimtambua kuwa mwanamke mkongwe kuliko wote duniani anayeshindana katika kutunisha misuli.

Niliyoweza kuyajibu kwa ufupi

*Aliyeuliza kama mazoezi ya kifua yatapunguza au kuinua matiti:* titi ni mafuta na tezi, limekaa juu ya msuli. Msuli wa chini ukikua, kifua kinajaa kidogo; titi lenyewe halibadiliki. Vaa sidiria ya mazoezi inayoshika vizuri, na benchi usiiogope.

*Anayenyonyesha:* vyuma haviharibu maziwa. Nyonyesha kabla ya mazoezi ili usibane kifua kilichojaa, na kunywa maji ya kutosha.

*Aliyeuliza kuhusu siku za hedhi:* nyanyua kama kawaida ukijisikia vizuri. Tumbo likiuma, punguza au pumzika. Huna haja ya ratiba maalumu.

*Anayepiga pushapu za magoti na haendelei:* pushapu kamili inakubebesha kama asilimia 64 ya uzito wa mwili, ya magoti kama asilimia 49. Pengo lililo katikati ni kubwa, na mwili ukiwa magotini haujifunzi kukaza tumbo na miguu. Mimi naona bora uweke mikono juu ya kitu imara, miguu imenyooka. Kwenye kimo cha sentimita 60 unabeba kama asilimia 41. Ukiweza mara 12 safi, tafuta kitu kifupi zaidi, mpaka ufike sakafuni.

SWALI: Mheshimiwa Kocha, mimi ni baba. Binti yangu wa miaka 13 ameona wanawake wakinyanyua vyuma kwenye Olimpiki, sasa ananiomba kila siku. Shuleni kwao kuna mwalimu anayefundisha. Nasikia vyuma vinadumaza watoto. *Baba wa mmoja*

JIBU: Ndugu yangu, ahsante kwa kuuliza badala ya kukataa. Vyuma havidumazi mtoto. Madaktari wa watoto wanayakubali mazoezi ya nguvu kwa umri wake, mradi mwendo ufundishwe vizuri na mtu mzima asimamie. Ajali hutokea pale watoto wanapojaribu uzito mkubwa peke yao, wakishindana.

Wanawake waliruhusiwa kunyanyua vyuma kwenye Olimpiki mwaka 2000, kule Sydney. Wanaume walikuwemo tangu 1896. Huenda binti yako amemwona Hidilyn Diaz wa Ufilipino. Yule alianza akiwa mtoto, na mabomba ya plastiki na vipande vya zege. Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, katika uzani wa kilo 55, aliinua kilo 127 juu ya kichwa akaipa nchi yake medali ya dhahabu ya kwanza katika historia yake ya Olimpiki, iliyoanza 1924.

Binti yako aanze na fimbo nyepesi, halafu chuma chepesi cha kujifunzia, mara 2 au 3 kwa wiki. Uzito uongezwe pale tu mwendo umekaa sawa, na asijaribu uzito wa mwisho wa uwezo wake kwa sasa. Nenda ukamwone huyo mwalimu. Muulize kama anakuwepo muda wote watoto wanaponyanyua, na anaamuaje kwamba mtoto yuko tayari kuongezewa. Kaa pembeni utazame kipindi kimoja. Ukiona anasahihisha mgongo na viwiko kabla ya kuzungumzia kilo, mwandikishe.